SAHANI YA BABA, SUFURIA YA MAMA

Khutba ya Ijumaa. Isomwe nyumbani pia, kwa wale ambao hawakufika msikitini.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetulisha na kutunywesha bila ya nguvu wala ujanja wetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake, masahaba wake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, ninawausia ninyi na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo sitawaambia juu ya bei ya dola, wala juu ya uchaguzi, wala juu ya watu wa mbali. Leo nitaingia jikoni. Najua wengine mtacheka na kusema, Mwalimu amezeeka, sasa anahutubia masufuria. Chekeni, lakini kaeni mpaka mwisho.

Baada ya Ramadhani iliyopita alinijia ndugu mmoja, mtu wa sala tano, anayesimama safu ya kwanza. Akaniambia, "Mwalimu, nataka uniandikie talaka. Bibi yangu hajui kupika. Kila siku chumvi, kila siku mboga moja, nimechoka." Nikamwambia, kamlete, na umlete pia mtoto wenu mkubwa aliyeko nyumbani. Wakaja. Nikamwuliza bibi, bwana anakuachia kiasi gani cha soko? Akajibu kwa sauti ndogo, "Franka elfu tatu, siku akipata." Mmekuwa wangapi nyumbani? "Saba, Mwalimu, pamoja na mama yake." Ndipo nikamgeukia mtoto, wa miaka kama minane, nikamwuliza, jana mlikula nini? Akasema, "Baba alikula wali na samaki. Sisi tulikula ukoko."

Bwana akainamisha kichwa. Hakuwa anajua. Wallahi ndugu zangu, mimi naamini hakuwa anajua. Yeye huletewa sahani sebuleni, imefunikwa vizuri, na juu yake kitambaa. Anafunua, anakula, anasema chumvi imezidi, anaita mtoto aondoe. Kilichobaki kule nyuma, ndani ya sufuria, hajapata kukiona tangu siku ya ndoa. Talaka sikuiandika. Wale wawili mpaka leo hawajaachana, ingawa sitasema kwamba mambo yamekwisha. Lakini neno la yule mtoto limenikaa moyoni, ndiyo maana ninasimama hapa.

Ndugu zangu, katika Suratu Abasa Mwenyezi Mungu anamwamuru mwanadamu akitazame chakula chake. Hakumwambia akile tu. Akitazame. Kisha Mola wetu anataja mvua inavyomiminwa, ardhi inavyopasuliwa, nafaka inavyoota, na zabibu, na mboga, na mizeituni, na mitende, na mabustani. Sisi hapa Maniema hatuna zabibu wala mizeituni. Tuna muhogo, tuna mpunga ambao mbegu yake waungwana waliiingiza huku Nyangwe na Kasongo zamani za babu zetu, tuna ngazi za kutupa mawese. Basi na tutazame cha kwetu.

Tonge moja la bukari. Muhogo umekaa shambani karibu mwaka mzima au zaidi. Mama ameung'oa, ameubeba kichwani, ameumenya, ameuloweka majini siku tatu mpaka ukalainika na sumu yake ikatoka. Ameuanika, amefukuza mbuzi na kuku juani. Ameutwanga, ameuchekecha, ameuchekecha tena. Kule upande wa Kwango na Bandundu, watu waliobanwa na njaa wakafupisha siku za kuloweka, watoto na akina mama wakashikwa na ugonjwa unaoitwa konzo: asubuhi mtu anaamka miguu imekakamaa, na hairudi kuwa kama zamani. Maana yake ni kwamba subira ya mama juu ya pipa la muhogo ndiyo miguu ya watoto wako. Wewe unasema, bukari ya leo imechelewa.

Na sombe? Majani yamechumwa, yametwangwa kinuni mpaka mkono umeuma, yamechemshwa saa nyingi kwa sababu nayo yana sumu yakiwa mabichi. Hapo bado maji hayajatekwa, kuni au makala hayajanunuliwa, mawese na karanga hazijatafutwa. Mtoto mgongoni analia. Moshi machoni. Halafu inakuja sahani, na baba anaonja kwa ncha ya vidole, anakunja uso.

Nisije nikawasema ninyi tu. Mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili, na nitalisema mbele yenu kwa kuwa mwenye deni akilificha halilipiki.

Ilikuwa mwaka 2002, wakati wa vita. Wakubwa mnakumbuka hali ya mji wetu wa Kindu wakati ule. Njia za mashambani zimefungwa, anayekwenda kutafuta muhogo hajui kama atarudi, treni haiji, chumvi inapimwa kwa kijiko. Mimi nilikuwa bado kijana, nina watoto watatu, ninafundisha chuo na hakuna mzazi wa kulipa. Jioni moja bibi yangu akaniletea matembele yaliyochemshwa kwa maji, bila mawese, bila chumvi, na kipande cha muhogo. Nilikuwa nimerudi na hasira za mchana kutwa. Nikaisukuma sahani. Nikasema neno ambalo sitalirudia msikitini. Nikatoka kwenda sala ya Isha.

Nilipofika barabarani nikakumbuka kofia. Nikarudi, nikapita nyuma ya nyumba. Nikaona taa ndogo ya mafuta jikoni. Bibi yangu amekaa chini, ile sahani niliyoisukuma iko mbele yake, anaigawa kwa watoto, kidogo kidogo, kwa vidole. Sufuria ilikuwa imegeuzwa, imeshaoshwa. Basi hapakuwa na kingine. Kile nilicholetewa mimi ndicho chakula chote cha nyumba, na wao walikuwa wakingoja nibakize. Watoto walipokwisha kula, yeye alilamba vidole vyake, akanywa maji.

Sikuingia. Nilikwenda msikitini bila kofia, na katika sala ile sikujua nimesoma sura gani. Ningewaambia kwamba usiku ule ule nilimwomba msamaha, lakini ningesema uongo, na niko juu ya mimbari. Ilinichukua miaka. Kijana asipofundishwa kumwambia mkewe "nisamehe", ulimi wake huwa mzito kuliko jiwe la kusagia. Nilichofanya ni kwamba tangu kesho yake sikukubali tena kuletewa sahani peke yangu. Nilikwenda nikakaa pale jikoni, juu ya kibao. Yeye alishangaa, akadhani nimekuja kumkagua.

Sasa mtu ataniuliza, na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwaje nyumbani kwake? Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa jambo hilo hilo: Mtume alikuwa akifanya nini ndani ya nyumba? Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na sala ikifika alitoka kwenda kusali. Katika mapokezi mengine imetajwa kwamba alishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Yule ambaye malaika Jibrili alimteremkia, anashika sindano! Na sisi ambao hakuna hata jogoo anayetuteremkia, tunaita mtoto kutoka barabarani aje atupe maji yaliyo hatua mbili kutoka mkono wetu.

Abu Huraira (r.a.) amepokea kwamba Mtume hakupata hata mara moja kukitia chakula ila. Akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Siku moja aliwekewa nyama ya mjusi wa jangwani, yule wanayemwita dhabbu. Akarudisha mkono. Wakamwuliza, je, ni haramu? Akasema hapana, ila hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid bin Walid akamvuta kwake akamla, na Mtume anatazama. Angalieni adabu hiyo. Hakula, lakini hakumwaibisha aliyepika wala hakumzuia aliyetaka. Siku nyingine aliuliza kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Akaomba iletwe, akawa anaila na huku anaisifu siki kuwa ni kitoweo kizuri. Siki, ndugu zangu! Nani kati yetu amesifu chumvi na pilipili siku ambayo hakukuwa na kingine?

Na hili jingine huwa nalisoma wakati wa ndoa, vijana wanaona haya na kutazama chini. Bibi Aisha amesimulia kwamba alikuwa akinywa, kisha akampa Mtume chombo, naye akaweka mdomo wake mahali pale pale alipoweka yeye. Alikuwa akila nyama mfupani, akampa, naye akala mahali pale pale. Na hali hiyo ilikuwa katika siku zake za hedhi, siku ambazo Mayahudi wa Madina hawakuwa wakila na wake zao. Wako watu katika mji huu, Waislamu, ambao mpaka leo hawali chakula cha bibi katika siku hizo. Wametoa wapi? Si kwa Mtume.

Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, unataka kuondoa heshima ya baba. Wazee wetu hawakula na wanawake." Nilimheshimu, nikamjibu kwa utaratibu, na ninyi nawajibu vilevile. Sheria haikumlazimisha mtu. Katika Suratun-Nur Mwenyezi Mungu amesema hapana dhambi watu wakila pamoja au mbalimbali. Lakini tuseme kweli juu ya wazee wetu. Mimi nimesoma chuo Kasongo. Nimeona wazee wakila barazani. Jioni kila nyumba ilitoa sahani yake, zikawekwa pamoja juu ya jamvi, wanaume wa kartiye nzima wakakaa. Msafiri akipita aliitwa. Yatima alikaa karibu na yeyote, hakuna aliyemwuliza wewe ni mtoto wa nani. Ile ilikuwa sadaka iliyovaa nguo ya mazoea. Sasa baraza imekufa. Msafiri haitwi. Yatima hajulikani amekula wapi. Kilichobaki ni mtu mmoja, ndani ya chumba kimoja, na televisheni, na sahani iliyofunikwa, na mlango umerudishwa. Hiyo siyo desturi ya wazee. Hiyo ni uchoyo tu, tumeupa jina la heshima.

Na kuhusu kazi ya jikoni kuwa ya wanawake, hebu tuulizane sisi tuliopita chuoni. Nani alitwanga mpunga wa mwalimu? Nani alichota maji, akapasua kuni, akapika? Sisi wavulana. Tulikuwa tukiimba huku tunatwanga, na hakuna aliyekuwa mwanamke kwa kushika mchi. Jioni tulikula sinia moja, mikono kumi na miwili, na ole wake mwenye kukimbilia kipande cha samaki upande wa mwenziwe. Mwalimu alitukumbusha yule kijana Umar bin Abi Salama, aliyelelewa na Mtume, ambaye mkono wake ulikuwa ukizungukazunguka sahanini. Mtume alimfundisha amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Sasa fikirini. Mtume angejuaje mkono wa mtoto unazunguka, kama hakuwa anakula naye sahani moja? Wewe mtoto wako anakulaje? Anasema Bismillahi? Anashiba? Huwezi kujua, uko sebuleni.

Walikuja watu kwa Mtume wakalalamika kwamba wanakula na hawashibi. Akawaambia huenda mnakula mbalimbali. Akawaamuru wakusanyike kwenye chakula chao na wamtaje Mwenyezi Mungu, watabarikiwa. Na baraka hiyo ina jambo ambalo hata asiyekuwa na elimu analiona: watu wakila pamoja, kila mmoja anaona kilichopo. Baba akiona samaki ni mmoja, yeye mwenyewe atamkata. Mkono wake hautaweza kumchukua mzima huku macho sita yanautazama. Na akiona kila siku ni kidogo, atapunguza franka za kadi ya simu na za chai ya mjini. Mwenyezi Mungu amemwekea baba, katika Suratul Baqara, kuwalisha na kuwavisha kwa kadiri ya uwezo wake. Asiyetazama sufuria hawezi kujua kama amelipa deni hilo. Na malipo yake si madogo: Mtume alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba hata tonge analolitia mdomoni mwa mkewe, akitaka radhi za Mwenyezi Mungu, lina ujira.

Ninyi mama zetu mlioko nyuma ya pazia, msifurahi sana. Bwana aliyehangaika mchana kutwa akarudi na mkono mtupu, usimtangaze kwa jirani. Na wavulana wenu msiwalee kama masultani. Kijana wa miaka kumi na tano anamtazama dada yake mdogo akitwanga sombe, na mama anasema mwacheni amechoka na masomo. Huyo ndiye atakayekuja kwangu kesho kutaka talaka kwa sababu ya chumvi.

Tena kuna kule nyuma ya nyumba. Parseli zetu si kubwa, lakini ni nani hapa asiye na hatua tano za udongo? Sisi nyumbani tuna tuta moja la lengalenga, karibu na mahali pa kutawadhia. Maji ya udhu yanateremka pale. Unapanda, na kabla ya wiki tano kuisha umeanza kuchuma, na ukichuma vizuri linachipua tena. Kuna mpapai ulioota wenyewe kutokana na mbegu zilizotupwa. Kuna kuku mmoja mwenye vifaranga saba, walikuwa tisa, mwewe amechukua wawili. Wajukuu wangu wamewapa wote majina, na kila asubuhi wananiletea taarifa kama wanavyoletewa magavana. Mtume ametufundisha kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, au ndege, au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi hata yule mbuzi wa jirani aliyemaliza lengalenga langu mwezi uliopita, ninamhesabu kwenye sadaka. Nilichelewa siku mbili kumhesabu, lakini nimemhesabu.

Msidharau mambo hayo madogo na kusema dini ina makubwa zaidi. Anas (r.a.) alikuwa na ndugu mdogo, Abu Umair, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Kindege kikafa. Mtume aliingia nyumbani kwao, akamkuta mtoto ana huzuni, akamwuliza habari ya kile kindege kwa maneno ya mzaha na upole. Alikuwa na majeshi, na wajumbe, na wahyi, akapata nafasi ya kuuliza habari ya ndege wa mtoto. Na sisi hatujui hata jina la kuku.

Ombi langu kwenu ni dogo. Leo, ukitoka hapa, usiende moja kwa moja kukaa sebuleni. Pita nyuma. Salimia walioko jikoni, funua sufuria mwenyewe, utazame kuna nini na ni kwa ajili ya wangapi. Kisha tandika jamvi, chini ya mwembe kama unao, au popote penye kivuli, mwite bibi yako, mwite mama yako mzee, waite watoto wote, na yule mtoto wa ndugu mliyemchukua wakati wa vita ambaye siku zote hula mwisho, mwite yeye kwanza. Semeni Bismillahi. Chumvi ikizidi, kunywa maji. Na jirani akisikia harufu, ongeza maji kwenye mchuzi umpelekee, kama Mtume alivyomuusia Abu Dharr.

Aliye na deni kama langu, asingoje miaka.

Ee Mola wetu, tubarikie katika ulichoturuzuku. Walishe wenye njaa wa nchi yetu, wa Maniema, wa Kivu, wa Ituri na kila mahali, uwarudishe wakimbizi kwenye mashamba yao. Wape afya akina mama wanaotupikia, na uwasamehe waliokwisha kutangulia ambao tulikula vyakula vyao na hatukuwashukuru. Zilainishe ndimi zetu majumbani mwetu. Amin.

Ndugu msomaji, karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Ukimaliza kuisoma mpe jirani. Usiifungie karanga, wala usiiwashie makala.